Hotuba ya Mwenyekiti: Kwa Nini Trekta Letu Bado Halijanunuliwa

(Ilisomwa mbele ya wanachama na wageni siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi, Maganzo)



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo tukiwa wazima, na sanduku letu likiwa na kufuli zake tatu zote. Tunawashukuru pia waliotuchangia viti, turubai na yule mbuzi.

Mlipopata kadi za mwaliko mlisoma kwamba leo kutakuwa na jambo la maendeleo. Habari zikatembea kutoka Mwadui hadi Mhunze kwamba wanawake wa Maganzo wanaleta trekta limefungwa utepe. Tumewaona watoto wamepanda mwembe tangu asubuhi wanaangalia barabara ya Mwanza. Jamani watoto, shukeni. Trekta halipo. Hatujanunua. Pesa ya kuanzia ipo, na mtunza hazina atawasomea daftari baada yetu. Lakini tumeombwa tueleze kwa nini halipo, na maelezo yachapwe katika kitabu hiki ili asije mtu kusema mwenyekiti na wenzake wamezila. Basi tunaeleza.

Tulianza mwaka 2015 tukiwa wanawake 22, hisa moja shilingi 1,000. Tulikuwa mama lishe, wauza mboga, wauza mitumba, wakulima wa pamba na dengu, na wachache ambao waume zao wanachekecha mchanga wa almasi. Leo tuko 31. Mengine ya historia yetu yameandikwa kwenye kurasa za mbele. Sisi tunakwenda moja kwa moja kwenye lile ambalo halikuandikwa.

Mwaka 2018 tulinunua pawatila. Wengi mnaikumbuka, ile nyekundu. Tuliinunua kwa pesa taslimu kwa muuzaji wa mji mmoja mkubwa ambaye hatutamtaja, maana leo si siku ya ugomvi. Duka lilikuwa zuri, lina vioo na feni, na kijana wa pale akatupa soda baridi. Tuliuliza bei. Tukaomba punguzo, tukapunguziwa, tukafurahi. Hayo ndiyo maswali yote tuliyouliza. Hapa Maganzo hata mtoto anajua kwamba jiwe la almasi halinunuliwi usiku. Dalali analigeuza juani, analiangalia kwa lenzi, analipima, analirudisha, anaondoka, anarudi kesho. Sisi tulioishi na madalali maisha yetu yote tulinunua mashine bila hata kuomba iwashwe.

Wiki mbili za kwanza ilifanya kazi vizuri kwenye luseni, ule mchanga wa upande wa juu. Tukajiona. Tukaanza kupokea pesa za kulimia watu kabla hatujawalimia, na hilo ndilo kosa linalotuuma mpaka leo. Mvua ziliponyesha tukaishusha mbugani. Mbuga yetu mnaijua, ikikauka inapasuka nyufa za kuingiza mguu, ikilowa inanata kama ugali wa mtama. Magurudumu yakajaa udongo yakawa kama mapipa, yakawa yanazunguka hapo hapo. Kijana akazidi kuongeza mafuta. Klachi ikanuka. Siku ya tatu giaboksi ikapiga kelele, kisha ikanyamaza.

Tukampigia muuzaji. Spea iko Dar es Salaam, wiki ijayo itafika. Tukapiga tena, iko njiani. Tukapiga tena, bosi amesafiri. Mwishowe simu haikupokelewa, na tulipokwenda wenyewe mwezi wa kwanza tukakuta pale wanauza magodoro. Wauza magodoro hawakuwa na kosa, walitupa viti tukakaa.

Mwenzetu mmoja alikuwa ametulipa ekari 3. Jirani yake alikuwa na ng'ombe wa kukodisha, akawaachia wengine kwa sababu sisi tulimwambia mashine itamlimia. Tulipomrudishia pesa yake ng'ombe wote walikuwa na kazi na majani yalikuwa yamemfika kiunoni. Mwaka ule alivuna magunia mawili. Nyumbani kwake aliambiwa maneno ambayo hatuwezi kuyasema mbele ya wageni. Akaweka kitabu chake cha hisa juu ya meza, hakusema neno, akaondoka. Wengine watatu wakamfuata.

Alirudi mwaka 2022 na sharti moja, kwamba siku tukinunua mashine nyingine awe miongoni mwa watakaokwenda dukani. Tukamfanya mkuu wa kamati ya trekta. Amekaa pale, kitenge cha kijani. Msimtazame sana, atakasirika.

Wazee wetu nao wana kumbukumbu zao. Katikati ya miaka ya 1960 Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lile lililokusanya vyama vya pamba vya Usukuma, lilileta matrekta yalime mashamba ya bloku. Baba zetu walitusimulia jinsi mashamba yalivyokuwa mbali mbali, trekta linafika limechelewa, na mkulima anabaki na deni la kulimiwa. Miaka ya 1980 yaliunganishwa pale Kibaha matrekta ya Valmet ya Finland. Baada ya Kilimo Kwanza ya mwaka 2009 pawatila zikaingia kwa wingi, na nyingine hadi leo ziko chini ya miembe, kuku wanatagia. Mwaka 2015 Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, liliingia mkataba na kampuni ya Ursus ya Poland, matrekta yakawa yanaunganishwa Kibaha. Mwaka 2021 kampuni ile huko kwao ikafilisika. Hatumlaumu mtu. Tunachosema ni kwamba mwenye trekta anategemea watu wengi wa mbali, na mmoja wao akianguka yeye ndiye anayebaki na chuma uani.

Kwa hiyo kamati ilipoanza kazi mwaka jana haikuanza na matrekta. Ilianza na ekari. Walizunguka kwa kila mwanachama na kamba. Tukijumlisha wote 31 tuna ekari 118, na karibu nusu yake ni mbuga. Mvua za kupandia hutupa wiki kama sita hivi, Novemba hadi katikati ya Desemba. Jozi ya ng'ombe inalima nusu ekari, ikijitahidi ekari moja kwa siku. Trekta dogo la magurudumu manne, la nguvu za farasi 35 mpaka 45 na plau ya diski mbili, linaweza ekari 4 au 5 kama halikukwama na dereva hakuamkia pombe. Siku tano kwa wiki, wiki sita, ni ekari 120 hadi 150. Yaani linatutosha sisi wenyewe na kabaki kidogo. Kijana mmoja wa dukani alituambia trekta litamaliza deni lake kwa kulimia watu wa nje msimu mmoja tu. Mama wa kitenge cha kijani akampa kalamu apige hesabu hiyo. Akasema atatupigia simu.

Wapo waliotushauri tuchukue kubwa kabisa la nguvu za farasi 75. Ni kweli linalima karibu mara mbili ya dogo na halichezi mbugani. Lakini mashamba yetu mnayajua, ekari moja hapa, ekari mbili kule, yamezungushiwa minyaa, yana vichuguu na visiki. Kubwa likigeuka mara mbili limemaliza shamba na limevunja ua wa jirani. Na kesi hiyo tutaikaa sisi.

Wengine wakatushauri yale madogo yaliyotumika Japani, yanakuja kwa meli, yamepakwa rangi yanang'aa, bei inavutia. Tuliyaona. Mengi ni mazuri, hatukatai. Tatizo ni kwamba yalitengenezwa kwa ajili ya watu wa Japani wenyewe. Maandishi ya kwenye lever ni ya Kijapani, na hata kama jina la kampuni ni lile lile linalouzwa hapa, spea zake unaweza kuambiwa haziingiliani na za hapa. Fundi wetu alipoulizwa maandishi yale yanasema nini alijibu, labda yanasema usinunue. Tulicheka, lakini tulimwelewa.

Kuhusu mbuga tulijifunza mambo mawili matatu. Trekta jepesi linateleza hata likiwa na injini nzuri, kwa hiyo uzito nao ni nguvu. Unaweza kuongeza vyuma vya uzito mbele na kujaza maji kwenye matairi ya nyuma. Linalovuta kwa magurudumu yote manne linasaidia sana. Plau ya diski ni bora kwetu kuliko ya jembe, kwa sababu ikikutana na kisiki inapanda juu yake na kuendelea. Ile mashine ya visu vinavyozunguka ni nzuri kwenye majaruba ya mpunga, lakini kwenye luseni iliyokauka inafanya udongo kuwa unga, upepo unachukua. Na hata trekta la maana usilipeleke mbugani wakati udongo unanata mkononi. Hilo bibi zetu walilijua bila trekta.

Kitu ambacho hatukukitegemea ni tela. Plau ina kazi wiki sita, tela ina kazi mwaka mzima. Kuna pamba ya kupeleka ghalani, maji, mchanga, matofali, kuni za sherehe, na hata wagonjwa tukubaliane tu. Muuzaji akikutajia bei ya trekta bila tela na bila plau, bado hajakutajia bei.

Sasa tuseme habari za wauzaji, maana hapo ndipo tulipoumia na ndipo kamati ilipomaliza soli za viatu. Walikwenda watatu, Shinyanga na Mwanza, mara nne kwa mwaka mmoja. Nauli ilitoka kwenye mfuko wa kikundi, na wapo waliolalamika kwamba wanakwenda kutembea. Tunawajibu leo kwamba nauli zote zile hazifiki bei ya giaboksi moja.

Walikataa kukaa kwenye vioo. Wakifika walikuwa wanasema, tunaomba kuona stoo ya spea. Duka moja liliwaambia stoo iko mbali. Jingine likafungua, ndani kuna matairi mawili na kalenda. La tatu lilikuwa na stoo yenye rafu na daftari. Wao walikwenda na orodha waliyoandikiwa na fundi: filta ya oili, filta ya dizeli, mkanda wa feni, sahani ya klachi, sili za haidroliki, boliti za diski. Walikuwa wanasema, tuonyeshe kila kimoja, tushike, na utuandikie bei yake. Muuzaji ambaye hana filta leo hatakuwa na klachi Desemba.

Waliuliza fundi wake ni nani na anakaa wapi. Fundi anayetoka Dar es Salaam kwa basi ni fundi wa mwaka kesho. Wakaomba majina ya wateja walionunua si chini ya miaka miwili iliyopita, kwa sababu mashine ya miezi mitatu kila mtu anaisifu. Wakaenda kwa wateja hao wenyewe, bila kijana wa dukani kuandamana nao. Mzee mmoja alikaa nao saa nzima akawaonyesha mita ya saa iliyo mbele ya usukani. Akawaeleza kwamba trekta halihesabiwi kilomita, linahesabiwa saa, na kwamba la kwake lilitakiwa kubadilishwa oili mapema sana, kwenye saa 50 za kwanza, na muuzaji alikuja mwenyewe kufanya hivyo. Kwa mzee mwingine hawakuhitaji kuuliza. Trekta lilikuwa juu ya mawe.

Na jambo jingine walilofanya, ambalo wengine wataliita ujanja. Jumamosi moja ya Novemba, katikati ya msimu, walipiga simu kwa wauzaji wote watatu kwa namba ngeni, wakasema trekta limezimika shambani, tusaidieni. Mmoja hakupokea. Mmoja akasema Jumatatu. Mmoja akauliza, limezimika kwa mlio gani? Huyo ndiye tuliyebaki naye. Baadaye tulimwambia ukweli na tukamwomba radhi, akacheka.

Katika duka jingine kuna kijana aliwaangalia wote watatu akauliza, "Sasa mama zangu, mwenye pesa yuko wapi?" Alidhani kuna mwanaume amebaki nje anaegesha gari. Mama wa kitenge cha kijani akamjibu, "Mwenye pesa alikuwa anataka kununua, sasa hivi anaondoka." Na kweli wakaondoka.

Kuhusu maandishi, tumekubaliana kwamba mkataba utakuwa wa Kiswahili, utasomwa kwa sauti kwenye kikao, dhamana iandikwe ni ya muda gani na inahusu vifaa vipi, risiti iwe ya EFD, na kadi ya trekta iwe kwa jina la kikundi. Siyo jina la mwenyekiti. Wala la mume wa mwenyekiti, na yeye amekaa hapo anasikia. Tukaambiwa pia kipo kituo cha CAMARTEC Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho kupima zana za kilimo ni moja ya kazi zake, kwa hiyo tukamwomba muuzaji atuonyeshe kama mashine yake imepimwa.

Pesa tutaisema kwa kifupi. Tuna akiba ya kulipia sehemu. Sehemu nyingine tumeomba kwenye ile asilimia 10 ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake. Mikopo ile ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudi mwaka 2024, ndiyo sababu nyingine ya kuchelewa. Zipo pia taasisi kama EFTA na PASS Leasing zinazokopesha mashine, na mashine yenyewe inakuwa dhamana. Tumezisikiliza, hatujaamua. Dereva tunaye, ni binti wa mwanachama aliyesoma ufundi wa magari VETA. Akina baba mliokuwa mnajipitisha pitisha kuulizia hiyo nafasi, tunawashukuru.

Hatutaki kuwaficha kwamba si wote tulio na moyo mmoja. Tulipopiga kura, 19 walikubali trekta na 12 walikataa, wakataka pesa igawanywe kila mtu ajinunulie ng'ombe au afungue duka. Hao 12 si maadui wa maendeleo. Wanne kati yao walikuwepo mwaka 2018, walisimama kwenye lile duka la magodoro. Ng'ombe halali kwa kukosa filta. Tuliwaambia, na tunarudia mbele ya wageni, kwamba mashine isipofanya kazi mbugani pesa haitoki.

Na hapo ndipo tulipo. Muuzaji yule wa tatu, pamoja na uzuri wake wote, alitaka nusu ya bei kwanza ndiyo alete trekta kwa majaribio. Tukakataa. Akasema hajawahi kufanya hivyo kwa mteja yeyote. Tukamwambia na sisi tumewahi kulipa kwanza. Tulivutana miezi miwili, ndiyo maana utepe hauna pa kufungwa leo. Wiki iliyopita alipiga simu akakubali. Mvua ya kwanza ya kulimia ikinyesha, atalipakia kwenye lori pamoja na plau yake. Dizeli tutanunua sisi, dereva atatoka kwake, na binti yetu atakaa pembeni anaangalia.

Kamati ilikaa kuamua lijaribiwe shamba la nani. Wengi walijitolea mashamba ya luseni, maana kila mtu anapenda kulimiwa bure. Tukakataa. Litajaribiwa kwenye zile ekari 3 za mbuga za mwenzetu, zile zile za mwaka 2018. Mwenyewe amekubali, ila ameshamwambia jirani mwenye ng'ombe awe tayari na jozi yake siku hiyo hiyo pembeni ya shamba. Likizimaliza, Jumatatu yake tunakwenda benki na waweka sahihi wote watatu. Likikwama, linarudi kwenye lori lake na ng'ombe wanaingia.

Siku hiyo tutawatangazia kwa spika ya msikiti na kwa kengele ya kanisa. Njooni na gambuti, mbuga haina adabu. Uji na chai vitakuwepo, sukari kila mmoja aje na yake.